Rege na dabu: je, uzito wa zamani ulipotea mashine za kidijitali zilipoingia?

Msikilizaji wa Tanga

Salaam, wanajukwaa. Marehemu mjomba wangu alikuwa baharia, na miongoni mwa vitu alivyoniachia ni sanduku la santuri za rege, nyingi za miaka ya 1970 na chache za mwisho wa miaka ya 1980. Tangu nilipopata mashine nzima ya kuzipigia nimekuwa nikizisikiliza kwa kufuata miaka, na kila ninapovuka mwaka 1985 nahisi kama nimehamia nyumba nyingine. Katika santuri za awali besi inanguruma kama lori linalopita usiku, ngoma zinasikika kana kwamba zimepigwa ndani ya chumba chenye watu, na sauti ya mwimbaji hujitokeza kwa nusu neno tu kabla ya kumezwa na mwangwi. Katika zile za baadaye kila pigo linafanana na lililotangulia, besi ni ya kinanda, na mwangwi, ukiwepo, ni msafi kama sahani iliyotoka kuoshwa.

Niseme mapema kwamba sikuja kuitukana raga, yaani rege ya midundo ya kidijitali, kwani nimeicheza sana ujanani. Ninachotaka ni kuelewa kilichotokea. Wapo wanaoniambia kwamba mashine za kidijitali ziliiua dabu, yaani ile rege ambayo fundi huichanganya upya kwa kuzima sauti na ala na kuongeza mwangwi, na wapo wanaosema kwamba masikio yangu yamezeeka na ninachokipenda ni mikwaruzo ya santuri tu. Je, tofauti ninayoisikia inatokana na vifaa, na watu waliovitumia, au na jambo jingine ambalo silijui? Na dabu inayotengenezwa leo kwenye kompyuta, bila tepu na bila bendi, bado inastahili jina hilo?

Fundi Redio Mstaafu

Ndugu mleta mada, swali lako ni zuri, ila naona limeanzia katikati ya safari. Kabla hatujauliza mashine ziliifanya nini dabu, inafaa tukumbuke kwamba dabu yenyewe ilizaliwa na mashine, tena mikononi mwa fundi na si mikononi mwa mpiga gitaa. Nimekaa miaka mingi nikitengeneza redio na amplifaya, na kwa sababu hiyo huenda ninampendelea King Tubby kupita kiasi. Mnisamehe kwa hilo.

Jina lake la kuzaliwa lilikuwa Osbourne Ruddock, na kazi iliyomlisha mjini Kingston ilikuwa kutengeneza redio na kusuka transfoma za amplifaya. Alikuwa na saundi sistemu yake, yaani seti ya spika kubwa, amplifaya na santuri ambayo hupelekwa uwanjani watu wakacheze, na pia alikuwa akikata santuri katika studio ya Treasure Isle ya Duke Reid. Hapo ndipo mambo yalipoanzia. Mwishoni mwa miaka ya 1960, mwenye saundi sistemu mmoja wa Spanish Town, Ruddy Redwood, alikatiwa nakala ya wimbo wa kundi la Paragons ambayo fundi mitambo, Byron Smith, hakuweka sauti za waimbaji. Badala ya kuirudisha, Redwood aliipiga dansini, na wachezaji wakaimba wenyewe maneno yaliyokosekana. Haukupita muda upande wa pili wa santuri ndogo za Jamaika ukaanza kubeba mdundo mtupu, ambao walikuwa wakiuita vesheni. Watayarishaji waliupenda kwa sababu iliyo wazi: upande wa pili ulijaa bila wanamuziki kulipwa mara ya pili.

Tubby aliichukua vesheni akaifungua kama mtu anavyofungua redio. Studio yake ilikuwa ndani ya nyumba ya Dromilly Avenue, eneo la Waterhouse, nayo ilikuwa ndogo kiasi kwamba bendi haikuweza kuingia. Waimbaji walirekodi katika bafu lililogeuzwa chumba cha sauti. Midundo ililetwa ikiwa imekwisha kurekodiwa katika studio kubwa, na tepu ilikuwa na njia nne. Kwa kawaida ngoma zilikuwa na njia yake, besi njia yake, gitaa na vinanda viligawana ya tatu, na sauti ya mwimbaji ikachukua ya nne. Ukilishika hilo umeshika umbo zima la dabu. Mwenye njia nne hana mengi ya kufanya ila kufunga na kufungua, na kwa kuwa besi na ngoma zilikuwa zimetenganishwa, aliweza kuzima vingine vyote na wimbo ukabaki umesimama.

Meza yake ya kuchanganyia sauti ilikuwa ya kampuni ya MCI, nayo aliipata mwanzoni mwa miaka ya 1970 ikiwa imeshatumika katika studio ya Dynamic Sounds. Ilikuwa na kichujio cha kuondoa sauti nzito, chenye kitufe kikubwa cha kuzungusha, na Tubby alikifanya kuwa ala ya muziki. Unaposikia ngoma zikikonda polepole hadi zikabaki mithili ya kutu inayokwaruzwa, kisha zikarudi na unene wake wote, ujue ni mkono wake uko kwenye kitufe hicho. Zile ngurumo kama radi ni springi za kifaa cha mwangwi zikipigwa kofi.

Mwangwi wa kujirudia nao ulitokana na tepu, na hapa ndipo jibu la swali lako lilipo kwa sehemu kubwa. Mashine ya tepu ina kichwa cha kurekodi na kichwa cha kusoma, vilivyopishana kwa sentimita chache. Vikiachana kwa sentimita 5, na tepu ikitembea sentimita 19 kwa sekunde, sauti iliyorekodiwa sasa itasomwa baada ya robo ya sekunde hivi. Ukiirudisha tena kwenye kichwa cha kurekodi itajirudia mara nyingi, na kwa kila mzunguko itapoteza ukali kidogo, itaongeza mvumo kidogo, na itayumba kidogo kwa sababu hakuna mota inayozunguka sawasawa kabisa. Ndiyo maana mwangwi wa zamani huzama gizani taratibu. Vifaa vya kidijitali vya mwanzo vilikuwa vikitoa nakala ileile kila mara, imepunguzwa sauti tu. Kwa hiyo masikio yako hayajazeeka, ulichokisikia kipo.

Mtayarishaji Lee Perry naye, katika studio ya Black Ark aliyoijenga nyumbani kwake Washington Gardens mwaka 1973, alifanya kazi na mashine ya njia nne. Njia zilipojaa alizimimina zote katika moja ili apate nafasi, na kila mmimino uliongeza ukungu juu ya ukungu. Leo watu hulipia programu za kompyuta ili waupate ukungu huo. Sisi mafundi tulikuwa tukilipwa ili tuuondoe.

Biti za Chumbani (Nairobi)

Namuunga mkono mzee wetu kuhusu mwangwi, lakini tumeruka habari ya pesa, ambayo kwa maoni yangu ndiyo iliyoivusha rege kwenda dijitali.

Kwanza turekebishe tarehe. Mashine za ngoma hazikuingia mwaka 1985. Tafuteni wimbo wa Bob Marley ambao hata wasiosikiliza rege wanaujua, No Woman, No Cry, ila msichukue ile rekodi ya jukwaani London ya mwaka 1975 inayopigwa redioni kila wiki. Chukueni ile ya studio, iliyomo katika albamu ya Natty Dread ya mwaka 1974, mtasikia mashine ndogo ya ngoma ikitikitika chini ya waimbaji. Hata Lee Perry alikuwa na mashine ya aina hiyo Black Ark. Jambo jipya la mwaka 1985 ni kwamba mpiga besi na mpiga ngoma waliondoka studio kabisa, na wachezaji badala ya kulalamika wakashangilia.

Kisa chenyewe wengi mnakijua kwa juu juu. Mwimbaji Wayne Smith na mwenzake Noel Davey walikuwa na kinanda cha Casio MT-40, kidogo cha plastiki, ndugu wa vile tulivyoviona kwenye kwaya zetu za mitaani. Ndani yake kulikuwa na midundo iliyopangwa kiwandani, na mmoja wao, uliokusudiwa kuwa wa roki, ndio uliogeuka kuwa mdundo wa Sleng Teng, wimbo wa Smith. Aliyeupanga kiwandani ni Hiroko Okuda, mwanamke wa Kijapani aliyeajiriwa na Casio mwaka 1980 akitoka chuo cha muziki, ambako, kwa bahati ambayo msimulizi wa hadithi angeona aibu kuibuni, alikuwa ameandika tasnifu kuhusu rege. Smith na Davey waliupeleka mdundo huo kwa Lloyd James, aliyejulikana kwa jina la Prince Jammy, fundi mitambo aliyekuwa amefunzwa na Tubby mwenyewe. Jammy aliupunguza kasi mpaka ukakaa katika mwendo wa rege. Tarehe 23 Februari 1985, katika mchuano wa saundi sistemu uliofanyika Waltham Park Road dhidi ya Black Scorpio, aliupiga hadharani, na kuanzia usiku ule kila mtayarishaji wa Kingston alitaka kinanda.

Fikirieni hesabu yake. Bendi ya studio ni watu watano au sita wa kulipwa, na saa za studio zinakwenda wakati mpiga gitaa akikaza nyuzi. Mdundo wa kinanda unamalizwa na mtu mmoja au wawili, kisha waimbaji kwa mamia wanaupanda mmoja baada ya mwingine, kila mmoja na maneno yake. Tabia ya kupanda mdundo wa mwenzio ilikuwepo tangu enzi za vesheni alizozieleza mzee fundi, kwa hiyo dijitali haikuileta. Iliiondolea gharama tu. Baadaye Steely na Clevie, mmoja wa vinanda na mwingine wa ngoma, wakawa bendi nzima ya Jammy watu wawili.

Na wale wanaosema kwamba dijitali iliiua dabu nawaomba wamtazame Tubby. Hakukaa kando akisikitika. Mwaka huohuo wa 1985, akiwa na studio mpya kubwa zaidi, alijibu kwa mdundo wa kidijitali wa Tempo, ulioimbwa na Anthony Red Rose, mzito na wa kutisha kuliko mwingi wa bendi. Aliendelea na njia hiyo mpaka alipopigwa risasi nje ya nyumba yake tarehe 6 Februari 1989. Kwa maoni yangu, dabu nchini Jamaika ilikuwa imekwisha kupungua kabla kinanda cha Casio hakijafika. Wachezaji walikuwa wakimtaka didjei, ambaye huko ni mtu wa kuchana maneno juu ya mdundo na si wa kupanga santuri, naye alihitaji mdundo ulionyooka, usiokatwakatwa na fundi kila baada ya sekunde mbili.

Mkaazi wa Leeds

Ninaishi Uingereza kwa mwaka wa kumi na nne sasa, na nadhani mazungumzo haya yanahitaji kuvuka bahari, kwa sababu dabu ilipopoozwa nyumbani kwake ilipata makao kwa wahamiaji wa Jamaika huku na watoto wao. Mtayarishaji Mad Professor alianzisha studio yake ya Ariwa kusini mwa London mwaka 1979. Jah Shaka, mwenye saundi sistemu aliyefariki mwaka 2023, alipiga dabu usiku kucha kwa miongo kadhaa akitumia mashine moja tu ya santuri, ving'ora na mwangwi wa papo hapo. Kompyuta ya Atari ST, iliyotoka mwaka uleule wa Sleng Teng ikiwa na matundu ya kuunganishia vinanda, iliingia katika vyumba vya vijana wengi, nao wakapanga besi na ngoma kwa kompyuta huku kufunga na kufungua njia kukibaki kazi ya vidole kwenye meza. Mwaka 1995 Mad Professor aliichukua albamu ya kundi la Massive Attack la Bristol akazichanganya upya nyimbo zake nyingi kwa mtindo wa dabu, na watu ambao hawakuwahi kumsikia Tubby wakajikuta wanamsikiliza bila kujua.

Sasa kuhusu uzito. Mleta mada amesema besi ya zamani ni nzito zaidi, na hapo nitampinga kwa heshima. Uzi mnene wa gitaa la besi, ukiachwa wazi, hutoa sauti ya mitetemo kama 41 kwa sekunde, na pamoja nayo hutoa sauti nyingine nyembamba zinazoifuata, kwa kuwa uzi, mbao na amplifaya vyote vinachangia. Sauti hizo nyembamba ndizo unazozisikia kwenye spika ndogo, na ubongo wako unajaza zile nzito zisizokuwepo. Besi ya kinanda inaweza kushuka chini zaidi ya hapo, lakini mara nyingi ni sauti tupu isiyo na wafuasi, kwa hiyo spika ndogo ikishindwa kuitoa hubaki ukimya. Wimbi la sauti la mitetemo 50 kwa sekunde lina urefu wa karibu mita 7. Halitoki kwenye spika ya inchi nne, wala kwenye simu.

Nimehudhuria dansi za saundi sistemu hapa ambamo spika zimepangwa kwa minara, kila mnara na kazi yake, na midundo ya kidijitali inayosikika kama kopo nyumbani hapo inakushika kifuani mpaka kola ya shati inapeperuka. Ndugu wa Tanga, kabla hatujaendelea, tuambie unasikilizia kwenye spika gani.

Mwana wa Malindi, Unguja

Nimewasoma wote na naona mmezungumza sana kuhusu vyombo mkasahau muda. Sisi wa taarabu tuliona fidla, kanuni na wapigaji wake vikipungua jukwaani na kinanda kikichukua nafasi ya watu wanane, na manung'uniko ya wazee wetu yalifanana na haya. Hata hivyo visa hivi viwili si kimoja. Katika taarabu tulipoteza wapigaji. Katika dabu wapigaji walikuwa wamekwisha kuondoka siku tepu ilipofika kwa Tubby. Mpigaji aliyebaki ni yeye, na meza ilikuwa ala yake. Alichanganya wimbo kuanzia mwanzo hadi mwisho kwa mkupuo mmoja, dakika tatu au nne, na alipokosea, kosa lilikwenda sokoni. Kesho yake hakuweza kurudia kilekile hata angetaka. Ndiyo maana mwenye saundi sistemu alikuwa tayari kulipia santuri laini ya asetati, inayochakaa baada ya kupigwa mara chache, mradi mchanganyo uliomo asiwe nao mwingine.

Kompyuta inakumbuka kila kitu. Unaweza kurudi nyuma mara mia, ukaupanga mwangwi kwa kipanya hadi ukakaa pale ulipotaka, na kinachotoka ni dabu iliyochorwa badala ya kupigwa. Kwangu mimi mpaka wa kweli uko hapo, wala haupiti kati ya tepu na dijitali. Dabu zote za Uingereza alizozitaja ndugu wa Leeds zikichanganywa kwa mikono ziko upande wa Tubby, hata kama hakuna uzi wa gitaa ndani yake.

Biti za Chumbani (Nairobi)

Mwana wa Malindi umenigusa, kwa sababu nimekuwa mtenda kosa hilo. Nilianza kwa kuchora mwangwi kwenye kioo cha kompyuta, na kila wimbo ulinichukua siku tatu na kutoka umekufa. Sasa nina kisanduku chenye vitelezo nane na vitufe, nimekiunganisha na programu ileile, na nimejiwekea sharti la kuchanganya kwa mkupuo mmoja bila kurekebisha. Naongeza pia kichujio ndani ya mzunguko wa mwangwi ili kila marudio yapoteze ukali kidogo, kama mzee fundi alivyoeleza kuhusu tepu. Nikiri tu kwamba mkupuo wa kwanza nimeutumia mara mbili; mara nyingi ni wa sita au wa saba.

Fundi Redio Mstaafu

Hata Tubby hakutuachia mikupuo aliyoitupa, kwa hiyo usijilaumu. Nyongeza ndogo kwa mleta mada: angalia pia uzito wa mkono wa sindano na hali ya sindano yenyewe. Sindano iliyochakaa huumiza kwanza sauti kali, na makofi na visahani vya mashine za ngoma ni vikali kuliko ngoma za watu, kwa hiyo santuri za baada ya 1985 ndizo zinazoaibika mapema.

Msikilizaji wa Tanga

Nawashukuru wote. Ninasikilizia kwenye spika mbili za rafu, za inchi tano. Baada ya kusoma maneno ya ndugu wa Leeds nilimwomba jirani yangu anayekodisha muziki wa harusi anipe spika yake kubwa moja kwa mchana mmoja, nikabadilisha na sindano kama fundi alivyoshauri, kisha nikapiga santuri mbili kwa sauti ileile: ya mwanamuziki Augustus Pablo iliyochanganywa na Tubby, ya mwaka 1976, na moja ya Jammy ya mwaka 1987.

Ya mwaka 1976 ilijaa chumba chote kwa namna ninayoijua. Ile ya 1987, ambayo kwa miezi sita nimekuwa nikiiona nyepesi, ilianza kutikisa vioo vya dirisha kwa besi ambayo sikuwahi kujua kwamba imo, na mke wangu akaja kutoka jikoni kuuliza kama kuna gari limegonga ukuta. Katika habari ya uzito, basi, nilikosea, na kosa lilikuwa la spika zangu. Habari ya mwangwi ni nyingine. Niliigeuza santuri ya Jammy nikasikiliza vesheni iliyo upande wa pili mara nne, nikihesabu marudio kwa vidole, na kila moja lilikuja kavu kama la kwanza hadi la mwisho likakatika. Huo bado siupendi, hata kwenye spika ya harusi.